Serasi ya Jamaika: ununue kicha au vifuko?

Ukiingia duka la Wakaribi, iwe Brixton au Ridley Road kule London, Flatbush kule Brooklyn au mtaa wa Eglinton West kule Toronto, serasi, mmea mchungu unaochemshwa kama chai ya dawa, utaikuta katika sura mbili. Ya kwanza ni kicha: vitawi vikavu vya mmea utambaao, vimekunjwa na kufungwa kwa uzi, mara nyingi ndani ya mfuko wa nailoni usio na jina la mtengenezaji. Ya pili ni boksi la vifuko vya chai lenye chapa, na neno Cerasee limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Tunazipima hapa kwa mambo anayoyahitaji mnywaji: usafi, nguvu, urahisi wa kukadiria kipimo na thamani ya pesa. Hukumu tunaitanguliza. Anayeanza anunue vifuko. Anayejua kukagua na kupika anunue kicha, maana kicha kizuri kinaviacha vifuko mbali sana, na kicha kibovu hakifai hata ukipewa bure.

Serasi ni Momordica charantia, mmea uleule unaozaa karela zinazouzwa masokoni Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba karela imelimwa na kuchaguliwa kwa vizazi ili itoe tunda kubwa, ilhali serasi ya Jamaika ni ya porini, inajiotea kwenye nyua za waya na kandokando ya mashamba. Tunda lake ni dogo, likiiva huwa la rangi ya chungwa na kupasuka vipande vitatu, likaonyesha mbegu zilizofunikwa utando mwekundu. Mjamaika hanunui tunda. Anachotaka ni majani na vitawi. Jina hubadilika kila kisiwa, na ni vizuri kulijua kwa sababu lebo hazifanani: Trinidad ni caraili, Haiti ni asowosi, Martinique ni sorossi, na Cuba na Puerto Rico ni cundeamor. Kote huko mmea ni huohuo.

Matumizi yake ya asili ni kusafisha tumbo na damu, kama wenyewe wanavyosema. Kule Jamaika watoto wengi wamenyweshwa serasi mwisho wa likizo, kabla shule hazijafunguliwa. Watu wazima huinywa kwa mafua, homa, choo kigumu na maumivu ya hedhi, na maji yake huogeshwa mtu mwenye vipele au mwasho wa ngozi. Desturi inayosikika sana ni kikombe kimoja kila asubuhi kwa siku tisa, kisha basi. Hilo la "kisha basi" wauzaji wa mtandaoni huliacha, nalo ndilo muhimu kuliko yote. Serasi ni dawa ya muda mfupi. Si chai ya kila siku.

Tuanze na kicha, kwa kuwa ndicho chenye mengi ya kuangalia.

Rangi iwe ya kijani kilichofifia. Majani ya kahawia yamekaushwa juani au yamekaa dukani muda mrefu mno, na chai yake hutoka na rangi nzito lakini ladha chapwa. Harufu iwe ya nyasi kavu yenye uchungu mwepesi unaopanda puani. Ukisikia uvundo, rudisha. Kisha omba ruhusa ya kufungua uzi, na muuzaji anayejiamini hatakataa. Panua kicha katikati, sehemu ambayo hewa haikufika, utazame vifundo vya vitawi. Ukungu hujificha hapo. Sababu yake ni hii: jani la serasi ni jembamba na hukauka upesi, lakini kitawi hushika maji kwa siku kadhaa zaidi. Mkaushaji mwenye haraka hugusa majani, akiyaona yanavunjika hukifunga kicha na kukitia nailoni. Unyevu uliobaki kwenye vitawi hauna pa kutokea, na baada ya wiki chache vifundo huwa na madoa meusi au nyuzi za kijivu. Kicha cha namna hiyo hakitengenezeki kwa kutoa vitawi vibovu na kuacha vizuri. Wala kuchemsha hakusaidii, kwa sababu moto huua ukungu lakini sumu zinazoachwa na baadhi ya aina za ukungu hustahimili maji yanayochemka.

Angalia pia uwiano wa majani na vitawi. Majani huvunjika njiani na kuanguka chini ya mfuko, kwa hiyo kicha kinachoonekana vitawi vitupu huenda kina majani yake yote pale chini. Usiyatupe, yapitishe kwenye chekecheke uondoe mchanga, kisha yatumie. Lakini kama juu hakuna jani na chini hakuna unga, umeuziwa vijiti. Mizizi isiwemo kabisa, inabeba udongo na kuongeza uzito wa bure.

Jambo la tatu ni matunda na mbegu. Mmea huvunwa ukiwa na vitunda vyake, na wakaushaji wengi hawavitoi. Toa wewe. Mbegu utazitambua upesi: ni bapa, ngumu, na uso wake una mikwaruzo kama iliyochongwa. Zina visini, kemikali ileile iliyomo kwenye maharage aina ya fava, ambayo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo hupatikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki na kwa watu wenye asili ya Afrika kwa jumla, na wengi walio nao hawajui. Anayejua kwamba anao asiiguse serasi kabisa, hata iliyotolewa mbegu.

Je, utajuaje kwamba ni serasi kweli na si mtambao mwingine? Chukua jani moja zima kadiri utakavyolipata, ulitie kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, ungoje dakika tano. Litalainika na kujikunjua. Jani la serasi lina mikato ya kina inayoligawa sehemu tano hadi saba, na kingo zenye meno. Ukilikunjua kwa kidole kwenye sahani nyeupe, sehemu hizo huonekana wazi, zote zikianzia pale kikonyo kinaposhika. Tazama na vile vikono vyembamba ambavyo mmea hujishikizia: kila kimoja ni uzi mmoja uliojisokota, haugawanyiki. Ukipata jani lenye umbo la moyo lisilo na mikato, ulichonacho ni kitu kingine.

Vifuko vina sifa ambayo kicha hakina: kipimo. Kifuko cha kawaida kina gramu moja na nusu hadi mbili, leo na kesho. Kwa mmea wenye nguvu ya kushusha sukari mwilini, hilo si jambo dogo. Boksi pia lina tarehe ya kuisha, namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji, hivyo likiwa na kasoro kuna wa kuulizwa. Chapa ya Caribbean Dreams, inayotoka kwa kampuni ya Jamaican Teas ya Kingston, ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi nje ya Jamaika, na zipo nyingine za aina hiyo.

Kasoro ya vifuko ni kwamba mmea umesagwa. Huwezi kuona kilichomo, jani ni kiasi gani na kijiti ni kiasi gani. Unga pia hupoteza nguvu mapema kuliko jani zima, hasa boksi likishafunguliwa na kuachwa karibu na jiko. Chai yake huwa nyepesi, na kwa anayeanza hiyo ni heri. Kabla ya kulipa, soma orodha ya viambato. Bora iwe na kitu kimoja tu, serasi yenyewe. Minti au tangawizi hazina neno. Kinachotakiwa kukustua ni sanamaki, ambayo hutiwa kwenye baadhi ya michanganyiko ya "kusafisha mwili". Serasi yenyewe huendesha tumbo, na ukiiongezea sanamaki utaharisha mpaka uishiwe maji na chumvi. Boksi lenye sanamaki liache dukani.

Kwa bei, kicha ndicho rahisi ukihesabu kwa lita. Gramu tano za kicha kilichokaguliwa zinatosha lita moja, kwa hiyo kicha cha gramu 40 hutoa lita nane, yaani vikombe 40 vya mililita 200. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mmoja anayehitaji vikombe 40. Gawaneni.

Upishi wa kicha ni huu. Pima gramu tano kwa mizani ya jikoni. Kama huna mizani, ni konzi moja ya mtu mzima, majani na vitawi vilivyokatwa urefu wa kidole, bila kushindilia. Suuza haraka kwa maji baridi kwenye chujio, usiloweke, maana maji ya kulowekea yataondoka na sehemu ya dawa. Chemsha lita moja ya maji kwenye sufuria ya chuma cha pua au ya enameli. Maji yakitokota tia serasi, punguza moto, iache itokote taratibu dakika tano. Zima, funika, iache dakika kumi. Chuja kwa kitambaa safi juu ya chujio, kwa sababu majani yana vinyweleo ambavyo matundu ya chujio la kawaida hayavizuii, navyo hukereketa koo. Chai inayotakiwa ina rangi ya kijani kuelekea kahawia hafifu, na ukiimimina kwenye glasi unaona upande wa pili.

Wengi huharibu hapa. Kwenye majiko ya Kikaribi si ajabu kuikuta serasi ikitokota robo saa na zaidi mpaka maji yawe meusi, kwa imani kwamba uchungu ndio dawa. Ni kweli kwamba uchungu unatoka kwenye kundi la kemikali ziitwazo momordisini, na kwamba hizo ni sehemu ya nguvu ya mmea. Lakini maji meusi hayana kipimo tena. Dalili za kuzidisha ni tumbo kusokota, kuharisha na kichwa kuuma, na wengine huhisi kizunguzungu na kutetemeka, ambazo ni dalili za sukari kushuka. Ikitokea hivyo, mtu anywe mara moja kitu chenye sukari, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Usimwambie "ndiyo dawa inafanya kazi".

Kwa kifuko, mimina mililita 200 za maji yaliyotokota, funika kikombe, toa kifuko baada ya dakika tano. Usikikamue. Ukikikamua unashusha unga na uchungu wote uliobaki kwa mkupuo mmoja.

Kipimo tunachoshauri kwa mtu mzima mwenye afya ni nusu kikombe siku ya kwanza, kikombe kimoja cha mililita 200 siku zinazofuata, asubuhi, mara moja tu kwa siku. Siku tatu zinatosha watu wengi. Tisa ndiyo mwisho. Kula ndani ya saa moja baada ya kunywa. Iliyobaki iwekwe kwenye friji na imwagwe ikitimiza saa 24.

Ladha? Mwarobaini hukushika ulimi palepale, serasi inachelewa kidogo, halafu inatua nyuma ya ulimi na kukaa. Sukari haiiondoi. Utapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja, na hilo ni baya zaidi kuliko uchungu mtupu. Kipande cha tangawizi kilichopondwa, kikitiwa dakika kumi za mwisho, husaidia kuliko asali. Wajamaika wengine hutia maziwa mazito ya kopo, na watoto ndivyo walivyoizoea.

Sasa kisukari, kwa kuwa ndicho kinachowafanya watu wengi waitafute leo. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1985 mtafiti Bailey na wenzake walichapisha utafiti wa serasi yenyewe, iliyochemshwa kama chai, nao ulionyesha kwamba inashusha sukari kwa panya. Panya lakini si mgonjwa wa kliniki. Kwa binadamu, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio manne yenye washiriki 479, yakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza mmea huu kwa kisukari cha aina ya pili. Jaribio moja la Thailand, lililochapishwa mwaka 2011, liliweka miligramu 2,000 za unga wa tunda kavu kwa siku dhidi ya miligramu 1,000 za metformini, dawa ya kisukari ya hospitali, kwa wiki nne. Tunda lilishusha sukari, ila kwa kiasi kidogo kuliko metformini. Na hilo ni tunda kwenye kapsuli zilizopimwa, si maji ya majani yaliyochemshwa kwa kukisia.

Kwa hiyo anayeacha vidonge vyake akategemea serasi anajiweka hatarini, na anayeongeza serasi juu ya vidonge anajiweka hatarini kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1979 jarida la kitabibu la Lancet lilishaandika juu ya karela kugongana na klopropamidi, dawa ya kisukari ya kundi moja na glibenklamidi, ambayo bado inatumika sana Afrika Mashariki. Dawa za kundi hilo na insulini hushusha sukari zenyewe, na ukiweka serasi juu yake huna namna ya kujua itashuka hadi wapi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Wajamaika wengi hutumia mitishamba sambamba na dawa za hospitali, na madaktari wao mara nyingi hawana habari. Mwambie daktari. Kama bado unataka kunywa, awe anajua, na uwe na kifaa cha kupimia sukari nyumbani.

Wengine wasiinywe kabisa, na hapa hatuna nafasi ya kubembeleza. Mjamzito asinywe, wala anayetafuta mimba, maana mmea huu umetumika tangu zamani kutoa mimba. Anayenyonyesha asinywe. Mtoto mdogo asinywe, hata kama bibi wa Jamaika alimpa mjukuu wake bila shida. Kuna taarifa za kitabibu za watoto waliopata degedege na kupoteza fahamu kwa sukari kushuka baada ya kunyweshwa chai hii. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji aache wiki mbili kabla.

Kuhusu sura nyingine za serasi hatuna mengi. Ya kopo na chupa huwa na sukari nyingi, nunua kama unataka soda chungu. Kapsuli nyingi zinazoandikwa "bitter melon" zina tunda la karela na si majani ya serasi, hivyo si bidhaa moja hata kama mmea ni mmoja.

Msomaji aliye Tanga, Malindi au Kampala atauliza kama anahitaji kuagiza kutoka ng'ambo. Hahitaji. Mmea huu ni wa Afrika ya joto tangu asili, na karela yoyote iliyo bustanini ina majani yanayofaa. Angalizo ni moja: usiuchanganye na ndugu yake Momordica foetida, ambao Waganda huuita bbombo na Wanyarwanda umwishywa. Huo nao ni dawa ya kienyeji yenye heshima yake, lakini si serasi, na vipimo vya hapa haviuhusu. Jani lake lina umbo la moyo bila mikato, linanuka vibaya likipondwa, na tunda lake la rangi ya chungwa lina miiba laini mwili mzima.

Kukausha mwenyewe ni kazi ya wiki moja. Kata vitawi asubuhi umande ukishakauka, kabla matunda hayajapevuka. Osha, kung'uta maji, katakata urefu wa shubiri moja. Tandaza kwenye wavu au ungo, tabaka moja tu, kivulini penye upepo, ugeuze kila siku. Usiamini majani, jaribu vitawi: chukua kile kinene kuliko vyote ukikunje. Kikipinda bila kuvunjika, rudisha ungoni. Kikikatika kwa mlio, tia vyote kwenye chupa kavu yenye kifuniko, andika tarehe, weka kabatini mbali na jiko, na utupe kilichobaki mwaka ukiisha.